Baridi ya Mbeya isikudanganye: kulanti ya gari ya juu ya zamani, jinsi ya kuichagua na jinsi ya kutafuta kwa nini gari inachemsha

Naandika hii kwa wenye Prado, Patrol, Pajero, RAV4, Discovery na Escudo za zamani, zile za miaka ya 90 mpaka 2005 hivi, hasa nyie mlioko huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe, Makete na Rungwe. Kuna imani moja huku inaua injini nyingi sana, kwamba kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, ni kitu cha wazungu wenye theluji, sisi tunatia maji ya bomba yanatosha, na tena huku ni baridi gari haiwezi kuchemsha. Na mimi niliiamini kwa miaka.

Ilivyonikuta ni hivi, natoka Dar na Prado yangu ya dizeli yenye injini ya 1KZ, nimepita Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, joto kali, AC inawaka, nyuma kuna mzigo, nikaanza kupanda Kitonga nyuma ya maroli mawili yameongozana yanatambaa. Geji ya joto ambayo siku zote iko katikati haitikisiki ikaanza kuinuka, mara robo tatu, mara inakaribia nyekundu. Nikapata sehemu pana nikaweka pembeni, nikasubiri karibu saa nzima ndo nikafungua mfuniko wa rejeta. Maji yaliyokuwemo yalikuwa mekundu kama udongo wa barabara ya vumbi. Niliponea. Kesho yake pale Makambako fundi mmoja mzee akafungua nyumba ya themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta, ndani hamna kitu, akaniangalia akauliza, "Mwanangu, hii nani amekutolea?" Sikuwa najua hata kama haipo, aliyekuwa na gari kabla yangu ndo aliitoa.

Kuanzia hapo nimejifunza hii kitu kwa undani, na naanza na jambo ambalo sisi wa nyanda za juu tunatakiwa kulijua kuliko mtu wa Dar.

Huku kwetu maji yanachemka mapema

Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari. Ukipanda kila mita 300 hivi unapoteza karibu nyuzi moja. Mbeya mjini iko kama mita 1,700, kwa hiyo sufuria yako pale Soweto inachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndo maana maharage huku yanachukua muda kuiva. Ukipanda Kitulo, mita 2,600 na kuendelea, ni kama 91 tu.

Sasa injini yako joto lake la kawaida kabisa la kufanyia kazi ni kati ya nyuzi 85 na 95. Umeona tatizo lilipo? Maji matupu kwenye rejeta isiyoshika presha, ukiwa Mbeya, yanachemka wakati injini iko kwenye joto lake la kawaida, haijazidisha chochote. Kinachookoa ni vitu viwili. Cha kwanza ni mfuniko wa rejeta, ule una springi inayozuia presha isitoke mpaka ifike kiwango kilichoandikwa juu yake, gari nyingi za Japani ni 0.9 au 1.1. Ukiwa na mfuniko mzima wa 0.9 hapa Mbeya maji yanapanda mpaka kama 115 ndo yachemke. Cha pili ni kulanti yenyewe, mchanganyiko wa nusu kwa nusu unaongeza nyuzi nyingine kadhaa juu ya hapo. Kwa hiyo mtu mwenye mfuniko uliochoka na maji matupu, huku anaendesha gari ukingoni kila siku, baridi ya nje inamfichia tu mpaka siku akutane na mlima na mzigo.

Na bado hatujagusa kutu. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, inalainisha sili ya pampu ya maji, inalinda aluminiamu isiliwe. Hiyo kazi inafanyika hata kama hujawahi kuona barafu maishani. Ingawa wa Makete na Kitulo barafu mnaijua, mwezi wa sita na wa saba asubuhi nyasi ni nyeupe, nyie mnayo sababu ya ziada.

Kwanza jua una injini gani

Usiende dukani kabla hujajua hilo. Fungua boneti, kuna kibati kimeandikwa namba ya modeli na injini, au angalia kadi ya gari. Inahitajika kwa sababu injini hazivumilii joto sawa. 1HZ ya Land Cruiser na TD42 ya Patrol hedi zake, yaani kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, ni za chuma cha kusubu, zinavumilia kiasi. 1KZ-TE ya Prado na Hilux Surf ina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, ikichemsha kweli kweli mara moja tu hedi inaweza kupasuka, na huo ndo ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. RAV4 ya pili, ile ya kuanzia 2000 yenye injini ya 1AZ, ina shida yake ya nyuzi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloku, maji yanavuja nyuma ya injini upande wa kabini ambako huoni kirahisi, mwenye gari anaongeza maji kila wiki anashangaa yanakoenda.

Kuchagua kulanti: rangi sio kipimo

Hili ndo kosa kubwa kuliko yote. Mtu anafika dukani Mwanjelwa anasema "nipe kulanti ya kijani" au "nipe nyekundu", anaondoka. Rangi ni wino tu. Hakuna sheria yoyote inayolazimisha kiwanda kuweka rangi fulani kwa aina fulani, kijani cha kampuni hii na kijani cha kampuni ile zinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa ndani. Kinachotofautisha ni dawa za kuzuia kutu, na kwa kifupi ziko familia tatu.

Ya zamani, inaitwa IAT, inatumia silikati au fosfeti. Inafanya kazi haraka ila inaisha haraka, miaka 2 au kilomita 40,000 hivi unabadilisha. Ndo iliyokuwepo kwenye gari nyingi za mpaka miaka ya 90 katikati. Ya pili ni OAT, inatumia asidi za ogani, inakaa mpaka miaka 5, ilianza kuenea kuanzia miaka hiyo ya 90 katikati. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, ndo HOAT, na Wajapani wana yao yenye fosfeti bila silikati. Toyota nyekundu ya zamani, Long Life Coolant, ni ya miaka 2 au kilomita 40,000. Toyota ya pinki, Super Long Life, inakaa muda mrefu zaidi na inakuja imeshachanganywa na maji nusu kwa nusu, usiiongezee maji tena.

Kwa gari ya Japani ya zamani mimi nashauri hivi: tafuta chupa iliyoandikwa kiwango cha JIS K 2234, au iliyoandikwa inafaa gari za Kiasia, yenye fosfeti bila silikati. Hiyo hukosei kwa Toyota, Nissan, Mitsubishi na Suzuki. Ukiikosa, hata ile yenye kiwango cha ASTM D3306 na ethylene glycol, ile glaikoli inayozuia kuganda, kwenye lebo ni bora mara mia kuliko maji ya rangi. Kwa gari za Ulaya kuwa makini zaidi maana hata gari za jina moja zinatofautiana, Discovery ya 300Tdi ni ya enzi za kulanti ya zamani, lakini Discovery 2 ya Td5 ilikuja na OAT. Soma kitabu cha gari. Na kama bado una rejeta ya shaba iliyochomelewa kwa risasi, usikimbilie OAT, baki na ya aina ya zamani au ya mchanganyiko, ubadilishe kila miaka 2.

Kuchanganya aina mbili, mara nyingi gari haitakufa siku hiyo, ila dawa zinauana nguvu, ile ya miaka 5 inakuwa ya miaka 2 au pungufu, na kuna michanganyiko inayoganda inakuwa kama uji ndani ya rejeta na hita. Kama hujui kilichomo humo ndani usiongeze kulanti juu yake, toa yote anza upya. Kama ni kuongezea kidogo njiani ongeza maji safi tu.

Halafu chupa za mtaani. Kuna vichupa vinauzwa bei ya chini sana, rangi inang'aa, ukisoma lebo hakuna neno glycol popote, hakuna kiwango, hakuna asilimia. Hayo ni maji yenye rangi. Njia rahisi ya kujua ni kununua kile kipimo kidogo cha kuchungulia kama darubini, refraktomita, unadondosha tone moja kinakuonyesha inazuia kuganda mpaka nyuzi ngapi. Mchanganyiko wa kweli wa nusu kwa nusu utasoma karibu na hasi 37. Maji ya rangi yatasoma sifuri. Mkinunua kimoja watu wanne au watano mkawa mnaazimana hela haiumi.

Lebo ikisema "concentrate" maana yake ni kali, lazima uchanganye na maji. Ikisema "premix" au "ready to use" mimina hivyo hivyo. Usitie ile kali yenyewe bila maji ukidhani ndo umeipenda gari zaidi, glaikoli tupu inabeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Nusu kwa nusu inatosha kila mahali Tanzania, na kama huishi kwenye baridi kali hata 40 kwa 60 ya maji ni sawa.

Maji ya kuchanganyia

Maji ya kisima yana chumvi na chokaa, yanatengeneza ukoko ule mweupe unaouona ndani ya birika, na ukoko huo ukikaa kwenye mirija ya rejeta umeshaiziba. Tumia maji ya kuongezea betri, ila hapa sikiliza vizuri, dukani kuna chupa mbili zinafanana, moja ni maji safi ya kuongezea na nyingine ni asidi ya betri. Soma lebo, muulize muuzaji mara mbili. Asidi ikiingia kwenye injini ya aluminiamu umeiharibu, na ikikugusa inakuunguza. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi baada ya mvua ya kwanza kuosha bati ni mazuri kuliko ya kisima, na huku kwetu Rungwe mvua tunayo.

Kabla ya kubadilisha, tafuta tatizo kwanza

Watu wengi wanabadilisha kulanti wakitumaini itaponya gari inayochemsha. Haiponyi. Kwa hiyo pitia haya kwanza, injini ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi kabla hujawasha.

Fungua mfuniko wa rejeta. Maji yanatakiwa yafike mdomoni. Yakiwa pungufu wakati kichupa cha rizevu kimejaa, maana yake gari haivuti maji kutoka kwenye kichupa ikipoa, na mara nyingi ni mfuniko au kile kimpira chembamba cha kwenda kwenye kichupa kimepasuka. Angalia raba ya mfuniko, ikiwa ngumu, ina nyufa au imebonyea, tupa. Katikati chini kuna kivalvu kidogo, kivute kwa kucha kirudi chenyewe. Dalili nyingine ya kivalvu kilichokufa ni mpira wa juu wa rejeta kunywea, unakuta umebonyea bapa gari ikishapoa. Mfuniko ndo spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huu na kwa urefu huu wa Mbeya ndo yenye faida kubwa kuliko zote, mimi naubadilisha kila miaka michache hata kama haujaonyesha dalili, na nanunua wenye namba ile ile ya presha, sio mkubwa zaidi maana rejeta ya zamani itapasuka.

Angalia rangi ya maji. Kutu maana yake kulanti ilishakufa au haikuwepo. Mafuta yanaelea juu, hapo kuna shida nzito, ama hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ama kile kipoza mafuta. Kama gari ni ya otomatiki na mafuta ya gia yanapozwa ndani ya rejeta ya maji, kipozeo kikitoboka ndani unapata kitu kama maziwa ya pinki, usiiwashe tena hiyo, ivute mpaka gereji.

Kama una mita ya umeme, zile za mafundi wa umeme, weka kwenye volti ndogo, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Ikizidi 0.4 hivi dawa ya kutu imeisha, au kuna waya wa ethi mbovu unapitisha umeme kwenye maji. Kipimo cha bure kabisa hiki.

Sasa washa, mfuniko ukiwa wazi bado, angalia ndani. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu. Mapovu yasiyokoma, yanaongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi imeungua au hedi imepasuka. Zima, funga mfuniko, washa tena halafu shika mpira wa juu, ndani ya dakika moja au mbili injini bado ya baridi, ukikuta mpira umekuwa mgumu kama jiwe basi jibu ni lile lile. Gereji nzuri wana dawa ya bluu ya kupima, wanavuta hewa ya rejeta inapita kwenye dawa, ikibadilika kuwa njano au kijani umethibitisha. Dai hicho kipimo kabla hujakubali mtu akufungulie hedi. Na kama hedi inafunguliwa, lazima ipimwe presha kuona nyufa, sio kusawazisha tu na kurudisha, maana kwa 1KZ hedi yenye ufa ukiirudisha umelipa bure.

Kama hakuna mapovu, basi jiulize gari inachemsha wakati gani, hilo swali peke yake linakata kesi nyingi.

Inachemsha kwenye foleni Kabwe au Mafiati, ikishika lami ya kwenda Igurusi inapoa: ni feni. Injini ikiwa imezimwa zungusha feni kwa mkono, ile ya klachi inatakiwa ikaze kidogo, ikizunguka yenyewe mara kadhaa klachi imekufa. Angalia pia kile kibati cha plastiki kinachozunguka feni, mafundi wakikitoa hawakirudishi, na bila hicho feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta.

Mjini iko sawa, inachemsha kwenye mlima na mzigo, Kitonga, Mlima Nyoka, au ukipanda ya Chunya: maji au hewa havipiti vya kutosha kwenye rejeta. Rejeta imeziba ndani, au matundu ya nje yamejaa tope na mbegu za nyasi, hasa katikati ya rejeta ya maji na ile ya AC ambapo huwezi kuona bila kuzitenganisha. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, presha kubwa inalaza mapezi. Mpira wa chini wa rejeta nao ukilainika unanyonywa unabana ukikanyaga mafuta, ukiachia unarudi, kwa hiyo ukisimama kuangalia unauona mzima.

Inapungua maji lakini huoni tone chini: fuata harufu. Ndani kuna harufu tamu, kioo cha mbele kinafanya ukungu wenye mafuta, kapeti ya miguuni imelowa, hita ya ndani inavuja. Prado nyingi zina hita ya nyuma na mabomba yake yanapita chini ya gari, yanaoza kwa kutu yanavuja wakati unaendesha tu. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini yake, ukikuta michirizi ya rangi hapo sili imekwisha. Injini za petroli kama 3S na 5VZ pampu inazungushwa na taimingi belti, kwa hiyo ukibadilisha belti badilisha na pampu hapo hapo, kazi ya kufungua ni ile ile. Moshi mweupe wenye harufu tamu usiokata hata injini ikipata moto, maji yanachomwa ndani.

Na themostati. Naomba sana mtu asikutolee. Fundi anatoa anasema sasa maji yanapita huru, na kweli kwa siku mbili tatu unaona geji imeshuka. Lakini kwenye Toyota nyingi themostati ina sahani ya pili chini yake inayoziba njia ya mkato ya kurudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji haiendi kabisa kupozwa, ukikutana na mlima ndo unachemsha kama nilivyochemsha. Na asubuhi za Mbeya injini inachelewa kupata joto, inakunywa mafuta, hita haitoi joto. Weka mpya, ile ya nyuzi za kitabu chako, nyingi ni 82 au 76 hivi, na kale kashimo kenye kapini kanakotikisika kakae juu ili hewa itoke. Kabla ya kuifunga ichovye kwenye sufuria ya maji yanayochemka uione ikifunguka. Kwa 94 zetu itafunguka vizuri, ila usitegemee ifunguke yote kabisa.

Kuosha na kujaza

Injini baridi. Fungua koki ya chini ya rejeta na nati ya kutolea maji kwenye bloku kama unaifikia, weka beseni chini. Washa swichi weka hita kwenye moto kabisa, na ya nyuma kama ipo. Jaza maji safi, washa mpaka mpira wa chini upate moto, zima, ngoja ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Mara tatu au nne ni kawaida, mimi ya kwangu ilichukua sita. Usiharakishe kwa kumwaga maji ya baridi kwenye injini ya moto.

Hapa kuna ujanja ambao wengi hawaujui. Ukishaosha, ndani ya bloku na hita kunabaki lita tatu nne za maji ambazo hazitoki. Ukijaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu juu ya hayo unapata dhaifu. Kwa hiyo angalia kitabu mfumo wako unachukua lita ngapi, tuseme 10, tia kwanza lita 5 za kulanti kali yenyewe, ndo umalizie na maji ya betri. Ukiwa na ile ya kuchanganywa tayari hii haiwezekani, jitahidi kutoa maji yote kwenye bloku.

Paki gari pua ikiangalia mlima, vilima tunavyo kila mtaa, mimina taratibu huku unaminya mpira wa juu na wa chini mapovu yatoke. Washa mfuniko ukiwa wazi, acha mpaka themostati ifunguke, utaona maji yanashuka ghafla, ongeza. Hita ikianza kutoa moto mkali hewa imetoka, ikitoa ubaridi wakati geji iko katikati bado kuna hewa. Funga, jaza kichupa kati ya LOW na FULL, zunguka kidogo mtaani, kesho asubuhi angalia tena, karibu kila mara itahitaji kuongezwa.

Ile uliyomwaga usiiache kwenye beseni wala usiimwage kwenye mtaro au shambani. Glaikoli ni tamu, mbwa na paka wanailamba wanakufa kwa figo, na mtoto hivyo hivyo. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko uandike juu, usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au juisi, na uliza gereji inayokusanya oili chafu kama wanaipokea ikiwa kwenye dumu lake.

Dawa za kuziba, na yale mambo ya yai na pilipili manga, hapana. Zinaziba tundu na zinaziba hita na rejeta pia. Kama uko Igawa usiku huna namna sawa, ila kesho yake ujue una kazi ya kuosha mfumo wote.

Geji inakudanganya pia

Geji ya Toyota ya zamani imetengenezwa ikae katikati kwenye joto la aina nyingi, haisogei mpaka mambo yameshaharibika. Na maji yakiisha kabisa ile sensa inabaki hewani, inaweza kusoma chini wakati hedi inaungua. Kwa mwenye 1KZ nashauri funga geji ya pembeni inayosoma namba na yenye alamu, hasa kama unapanda sana. Gharama yake huwezi kuilinganisha na hedi.

Ikipanda ukiwa mlimani

Zima AC. Fungua hita kwenye moto kabisa na feni ya juu, utateseka na joto ila ile hita ni rejeta ya pili. Shusha gia, punguza kukanyaga. Tafuta sehemu pana, usisimame kwenye kona za Kitonga na maroli yale. Kama hakuna mvuke na hakuna bomba lililopasuka, acha injini ingurume, kanyaga mafuta kidogo tu izunguke juu kidogo kuliko ikiwa haijakanyagwa, kwa dakika mbili tatu, maji yazunguke, mara nyingi geji inashuka. Kama kuna mvuke, harufu, au mpira umepasuka, zima hapo hapo, weka pembetatu, shusha watu wakae mbali na barabara.

Usifungue mfuniko. Subiri nusu saa kwa uchache, saa nzima ni bora, mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono bila kuuachia na uone umelegea. Halafu weka kitambaa kizito, uso pembeni, geuza nusu tu presha itoke kwanza. Washa injini ndo uanze kuongeza maji kidogo kidogo, ukimwaga dumu zima la baridi kwenye hedi ya moto inapasuka mbele yako. Maji yoyote masafi yanafaa hapo, ukipata ya mto yachuje kwa kitambaa. Ukifika Ilula simama tena, angalia kimo, angalia chini ya gari, na ukishafika nyumbani mwaga yale maji uanze na mapovu, mfuniko na themostati kama nilivyoandika huko juu.